Pesa ya upatu, vitabu vitatu vya kufuma: nianze na vipi? (Tanga)

Mwanaidi_Makorora

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Niko Tanga mjini, Makorora. Nafuma nyumbani kwa sindano mbili: masweta ya watoto, kofia, soksi za wachanga. Mama mdogo ana kibanda Lushoto, ndiye anayeniuzia. Hapa mjini wa kununua sweta ni wachache, joto mnalijua, lakini ukishaiacha barabara kuu pale Mombo ukaanza kupanda kuelekea Soni, habari ni nyingine. Mwezi wa sita na wa saba huko juu hata sweta ambalo sijalitia vifungo linaondoka.

Kufuma nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, kwa kuangalia mikono yake. Alikuwa na mitindo yake mitano sita, na hiyo ndiyo niliyonayo hadi leo. Nataka kutoka hapo. Mwezi huu zamu ya upatu ni yangu, na kabla pesa haijaishia kwenye mabati nimeazimia kutenga fungu la vitabu. Nasema vitabu vya karatasi, vya kuweka kabatini, binti yangu avikute.

Ninavyo viwili sasa. Kimoja ni cha zamani sana, jalada halipo, nilipewa na jirani aliyekuwa akifundisha sayansikimu. Cha pili ni cha Marekani, kilitoka kwenye vitabu vya mtumba Dar. Kinachonitatiza ni hiki: vyote vina sweta la mtoto la sindano namba 8. Sindano za bibi zimegongwa 8 kichwani. Nyingine mpya alizoniletea wifi yangu kutoka nje nazo zimeandikwa 8, na kwa macho tu naona ni nene kuliko za bibi. Nimefuma kipande kwa kila jozi, uzi uleule. Cha kwanza kimeshikana vizuri, cha pili kimelegea kama chandarua. Ipi ndiyo 8 ya kweli?

Halafu, ikiwa pesa inatosha vitabu vitatu tu, nyie mngenunua vipi? Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Na mnavitunzaje na unyevu huu wa pwani? Kile cha jirani tayari kina madoa ya ukungu.

MuuzaNyuzi_Mgandini

Dada Mwanaidi, mimi nauza nyuzi sokoni na nakushauri kama ndugu. Siku hizi vijana wanakuja na simu, wanafungua video, wananionyesha wanachotaka, nawapa uzi, wanaondoka. Kitabu hawana. Pesa ya upatu itie kwenye uzi, ununue kwa jumla kabla baridi ya Lushoto haijaingia, faida utaiona. Tena vitabu hivyo vinataja nyuzi ambazo tangu niingie biashara hii sijaziona. Mabonge yangu mengi ni akriliki, na karatasi yake haisemi unene wala sindano ya kutumia.

MwalimuMstaafu_Chumbageni

Waaleikum salaam mwanangu Mwanaidi. Nimefundisha sayansikimu miaka mingi na kabati langu la vitabu vya kufuma limejaa, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Tuanze na sindano. 8 zote mbili ni za kweli. Ya bibi yako ni ya Uingereza ya zamani, unene wake milimita 4. Ya wifi yako ni ya Marekani, milimita 5. Waingereza walifuata namba za waya. Waya huvutwa kwenye tundu, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na kila ukivutwa tena unakuwa mwembamba na namba inapanda. Ndiyo maana kwao namba 6 ni milimita 5 na namba 14 ni milimita 2. Kwa Wamarekani ni kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa. Wale tuliojifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kutuishia, tulikuwa na namba 14 mkononi bila kuambiwa na mtu, maana spoku ya kawaida ni milimita 2.

Namba ziache, pima unene. Mpelekee seremala kipande cha ubao mwembamba, akitoboe kwa biti za 2, 2.5, 3, 3.5, 4, 4.5, 5 na 6, na kila tundu aliandikie kipimo chake. Tundu ambalo sindano inapita bila kulazimishwa na bila kuchezacheza, huo ndio unene wake. Kazi ya dakika chache, na itakufaa kuliko jedwali lolote.

Milimita moja si jambo dogo. Uzi wa unene wa kati, ule unaoandikwa DK, ukifumwa kwa sindano ya milimita 4 hutoa vitanzi 22 katika sentimita 10. Uzi huohuo kwenye milimita 5 unaweza kukupa 19. Sweta la vitanzi 144 kuzunguka kifua litatoka sentimita 65 kwa sindano za bibi na sentimita 76 kwa za wifi. Hao ni watoto wawili tofauti.

Kitabu kisicho na jalada utakijua kwao kwa kutazama pale mwisho wanapofunga vitanzi. Wakiandika *cast off*, ni cha Uingereza. Wakiandika *bind off*, cha Marekani. Na kile cha Uingereza kikihesabu uzi kwa aunsi, kila aunsi weka gramu 28. Sweta la aunsi 12 linakula kama gramu 340, yaani mabonge saba ya gramu 50.

Sasa vitabu, na hapa nina neno moja ambalo nimelirudia darasani mpaka wanafunzi wakalikariri. Usinunue vitabu vya masweta. Nunua vitabu vya kufuma. Kitabu cha masweta kinakupa picha thelathini za nguo zilizokwisha kubuniwa, kila moja kwa uzi wa kampuni fulani, rangi fulani, sindano fulani. Kiwanda kikiacha kuutengeneza uzi ule, kurasa zile zimekufa. Kijana wa Mgandini amelisema mwenyewe, uzi unaotajwa humo hajawahi kuuona. Lakini kitabu kinachokueleza kitanzi kinakaaje kwenye sindano, kwa nini ukingo huu unavutika na ule hauvutiki, begani unapunguza kwa mpango gani, kitabu hicho utakitumia na uzi wowote utakaookota sokoni. Ndiyo sababu hata siku hizi za video naendelea kununua. Video inaonyesha mtindo mmoja kisha unatafuta mwingine. Kitabu nakilaza mezani nilinganishe aina nne za ukingo kwa pamoja, huku uzi uko mkononi.

Vitatu vyako ningevichagua hivi. Cha kwanza, *Mary Thomas's Knitting Book*, cha mwaka 1938. Ni cha zamani na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Hakikimbilii nguo, kinaanza na kitanzi chenyewe, na kina vichoro vidogo vya kuchekesha ambavyo binti yako ataviangalia hata kabla hajajua Kiingereza. Kimechapwa tena Marekani kwa jalada laini, kwa hiyo usikimbilie nakala ya kale ya bei kubwa.

Cha pili, kamusi ya mitindo. Barbara Walker alitoa *A Treasury of Knitting Patterns* mwaka 1968, na cha pili chake mwaka 1970. Humo mna mamia ya mitindo, kila mmoja na picha yake na maelezo ya mstari kwa mstari. Wewe mwenye mitindo mitano ya bibi ukikifungua hicho hutalala. Kama Kiingereza kinakuchosha, tafuta chake cha 1972, *Charted Knitting Designs*. Mitindo yake imechorwa kwenye miraba, mraba mmoja kitanzi kimoja, unasoma kwa macho. Ukishazoea miraba hata vitabu vya Kijapani vitakufungukia, kwani alama zao zimewekewa kiwango kimoja nchi nzima, ukizijua kwenye kitabu kimoja unazijua kwenye vyote. Ninavyo viwili vya huko na sijui neno la Kijapani.

Cha tatu ni *Knitting Without Tears* cha Elizabeth Zimmermann, 1971. Mama huyu alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na alichokitaka ni mfumaji aache kumtegemea mtu kwa vipimo. Hicho ndicho kitakachokutoa kwenye mitindo ya kunakili.

Bado nina cha nne, si cha lazima, ni cha kupenda. Askofu mmoja wa Kianglikana, Richard Rutt, aliandika *A History of Hand Knitting*, 1987. Nakitaja kwa sababu wengi hapa pwani wanadhani kufuma ni kazi ya nchi za baridi na sisi tumeazima. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya kufumwa kwa sindano ni soksi zilizopatikana Misri, za zama za Uislamu, na nyingi ni za pamba, nyeupe na bluu ya nili. Nyingine zina urembo wa maandishi ya Kiarabu. Pamba, nchi ya jua kali! Kwa hiyo ukikaa barazani kwako Makorora na uzi wa pamba mkononi, usijione umepotea njia.

Vitabu vya Rutt mwenyewe, pamoja na vya Montse Stanley na Jane Waller, ndivyo vilivyounda mkusanyiko wa ufumaji wa maktaba ya Winchester, Chuo Kikuu cha Southampton. Miongozo yao ya karne ya 19 imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bure. Pale pesa haitakiwi, ni bando tu.

Sindano_Soni

Shikamoo mwalimu. Mwanaidi, mimi niko Soni, nafuma masweta ya shule kwa mkono na mashine. Kuhusu uzi naongeza moja. Sufu halisi ya dukani ni ghali, lakini kwenye mitumba ya gulioni kuna masweta ya sufu ya watu wazima yanauzwa rahisi kwa sababu yametoboka kiwiko au yamepitwa na wakati. Nunua, fumua, fuma upya. Ila kabla ya kulipa geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo za vipande viwili zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kuuvuta, chukua. Ukiona kingo zimekatwa na kufungwa kwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utatoka na vipande vifupi vifupi.

Anza kufumua pale alipofungia vitanzi, siyo alipoanzia, utaona linavyokimbia. Uzi ukitoka umejikunja, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne, ufue kwa maji ya vuguvugu, utundike kivulini na kitu kizito kidogo chini. Unanyooka.

Kujua ni sufu au akriliki, choma ncha. Sufu inanuka kama nywele na jivu lake linasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba inaungua kama karatasi. Na akriliki usiipige pasi ya moto hata siku moja, inalegea na hairudi.

Mwanaidi_Makorora

Shikamoo mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimeupeleka ubao kwa fundi leo asubuhi. Za bibi zimepita kwenye 4 na za wifi kwenye 5, kama ulivyosema.

Dada wa Soni, mshono huo sikuujua, asante sana. Nitamwambia mama mdogo aniangalizie gulio.

Mwalimu, naomba uninyambulie kidogo hapo kwa Zimmermann wakati kitabu nakitafuta. Nina oda ya mtoto wa miaka sita hivi, kifua sentimita 60, wazazi wake wako hapahapa Tanga na wanataka la pamba, la kuvaa usiku wa kusi. Sina maelezo ya kuanzia popote.

MwalimuMstaafu_Chumbageni

Marahaba wanangu wote wawili. Nakunyambulia.

Fuma kipande cha majaribio kwanza, upana wa sentimita 15, kifue na ukikaushe, ndipo uhesabu. Tuseme umepata vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kifua 60, ongeza 5 za kupumulia, ni 65. Mara 2.2 ni 143, weka 144. Hiyo 144 ndiyo mia kwa mia yako, na kila kitu kingine unakikata kutoka hapo. Mkono unauanzia kiganjani kwa asilimia 20, kama vitanzi 29. Unaongeza polepole hadi juu ya mkono ufike theluthi au zaidi kidogo, tuseme 50. Shingo ni asilimia 40, yaani 58.

Kiwiliwili unakifuma kwa kuzunguka, bila mshono, kwa sindano zilizounganishwa kwa waya laini. Mikono vilevile, kila mmoja peke yake. Ukifika kwapani, kila upande wa kiwiliwili toa asilimia 8, vitanzi 12, uvishike kwenye uzi wa pembeni. Fanya hivyohivyo kwenye kila mkono. Kisha kusanya vyote kwenye sindano moja: kiwiliwili 120, mikono 38 na 38, jumla 196. Unapunguza kwa mpango ukipanda hadi ubaki na 58 za shingo. Vile 12 vya kwapani unakuja kuviunganisha mwisho. Hakuna kipande cha kukata wala bega la kushona.

Pamba ina tabia zake. Ni nzito kuliko sufu na haina mrudio, ikinyooka imenyooka, na sweta refu la pamba hujivuta chini kwa uzito wake lenyewe. Chagua uzi mwembamba, shuka sindano nusu milimita, hesabu upya kwenye kipande chako, na ukingo wa chini uanze na vitanzi pungufu kidogo kuliko 144 ili ushike kiunoni. Urefu nao upunguze kidogo, utajiongeza wenyewe. Huyo mtoto atalivaa Tanga bila kutoka jasho.

Kaole_Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Mimi sifumi, mke wangu ndiye mfumaji, lakini kwenye kutunza vitabu nina la kusema. Marehemu baba alituachia vitabu vya dini vingi na tunaishi karibu na bahari.

Dada, kabati lisiguse ukuta wa nje, acha nafasi ya kupitisha mkono. Miguu yake itie kwenye vikopo vyenye mafuta taa, mchwa hapandi. Vitabu visimame, visibanane, hewa ipite. Nailoni usiitumie kabisa, inafungia unyevu ndani na ukungu ndio unapopenda. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha kukinga vumbi. Wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaingia, vitoe vyote uvifungue kivulini penye upepo, si juani, jua linapindisha jalada na kufifisha wino. Kile chenye ukungu kitenge kwanza. Kikauke vizuri, kisha kipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini kavu, umejifunga pua. Usikipanguse kwa kitambaa kibichi.

Masweta ya sufu yafue kabla ya kuyaweka, nondo anafuata jasho na madoa. Ukimpata jirani mwenye friza, yafunge kwenye mfuko yakae humo siku kadhaa, mayai ya nondo yanakufa. Na sindano za bibi, kama ni za chuma, chumvi ya bahari itazila. Mke wangu huzipangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kisha huzikausha sana, asije akachafua uzi mweupe.

MuuzaNyuzi_Mgandini

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote mpaka mwisho na nina swali la biashara. Haya mabonge yangu yasiyoandikwa unene, nitajuaje ipi ni ya sindano ya 4 na ipi ya 3 ili nimwambie mteja ukweli?

MwalimuMstaafu_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Chukua rula, uzungushie uzi mizunguko inayolala kandokando bila kupandana na bila kuvutwa, hadi ijae sentimita 2.5. Hesabu mizunguko. Fanya hivyo kwanza kwa uzi unaojua unene wake, Mwanaidi anaweza kukupa kipande cha ule wa milimita 4. Mabonge yako yanayotoa mizunguko sawa na huo yaweke fungu moja. Yenye mizunguko mingi zaidi ni membamba, hayo ni ya sindano ndogo. Andika kwenye karatasi ubandike juu ya kila fungu. Anza na zile rangi za masweta ya shule, kijivu, bluu na kijani, maana dada wa Soni na wenzake watakuulizia hizo kabla ya baridi.

Sindano_Soni

Kijivu hasa. Ukishapanga mafungu nitumie picha ya hizo karatasi, nitakuja kuchukua kwa jumla.